Mabawa ya Mtumbwi wa Libère

Libère alipoteza mguu wa kulia mwanzoni mwa mwaka 1997, kwenye njia ya shamba la michikichi juu ya Ruziba, njia aliyoipita tangu utotoni. Aliyefukia bomu pale hakujulikana, na siku zile za vita watu hawakuuliza sana. Alilazwa hospitali miezi miwili. Aliporudi nyumbani na magongo yake, alikwenda moja kwa moja kuingia katika mtumbwi, na mtumbwi ukampindukia hapo hapo, kwenye maji ya kiunoni.

Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Mvuvi anapovuta wavu husimama na kupanua miguu, na mtumbwi ukilala huku, mguu wa huku unaurudisha. Libère hakuwa tena na cha kuurudishia. Akiketi, wavu ulimvuta ubavuni na mtumbwi ukamfuata. Mara ya nne mkewe, Dévote, alimtoa majini kwa kumshika ukosi wa shati.

"Basi sasa, Libère."

"Basi, halafu watoto watakula nini?"

 Kwenye shamba la michikichi hakuna aliyethubutu kurudi, na sokoni Dévote alikuwa akiuza mboga za wenzake.

Ndipo Libère alipomtumia salamu Atumani, fundi wa chuma wa Buyenzi, mjini. Kwa miaka mingi Atumani ndiye aliyemtengenezea taa za kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka watu walipokatazwa kuwa ziwani usiku. Alikuja kwa baiskeli, akaketi mchangani, akamtazama Libère akianguka mara moja.

"Usinionyeshe tena," akasema. "Nimeona."

Babu yake Atumani alikuja Bujumbura kutoka pwani zamani za Wajerumani, na alikuwa akisimulia mitumbwi ya baharini yenye mbao mbili pembeni, huku moja na huku moja, isiyopinduka hata kwenye mawimbi. Atumani hakuwahi kuiona. Alichora kwa kijiti mchangani, akafuta, akachora tena.

Chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vikwazo vilivyowekwa na nchi jirani, na umeme wa kuchomelea ulikuja ukipenda. Alitumia alichokuwa nacho. Miti miwili ya mikaratusi, mirefu na mikavu, aliilaza juu ya mtumbwi kwa kukingama, akaifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akivivuta mpaka vidole vikaota malengelenge. Kwenye ncha za miti alifunga mabidoni, madumu matupu ya mafuta ya msaada, mawili kila upande, vifuniko vikiwa vimezibwa kwa lami.

Siku ya kwanza mtumbwi ulizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kwa sababu mabidoni yalikaa ndani ya maji na kuuburuta. Atumani aliyapandisha kiganja kimoja juu ya maji, yaguse pale tu mtumbwi unapolala. Siku ya pili wavu ulinasa kwenye mti wa mbele, akausogeza nyuma. Siku ya tatu Libère alikwenda mpaka mahali maji yanapogeuka rangi, akavuta wavu ameketi, akiegemea upande wa mguu mzima, na bidoni likagusa maji na kumrudisha. Aliporudi ufukweni alikuwa na samaki wa kutosha. Alimshika Atumani mkono na kukaa nao muda mrefu.

Kwa wiki tano alivua hivyo. Watu wa Ruziba waliuita mtumbwi wenye mabawa.

Wiki ya sita Atumani alikuja kubadilisha mipira iliyoanza kupasuka. Dévote alikuwa sokoni. Askari wanne wa kituo cha ufukweni wakashuka, sajenti wao mbele, mtu wa sauti ya upole.

"Hii mtumbwi ni ya nani?"

"Ya kwangu, shefu."

"Na hii mabawa inafanya kazi gani?"

"Inanizuia kuanguka. Sina mguu."

Sajenti aliutazama mguu usiokuwepo. "Naona. Lakini mtumbwi yenye haianguke inaweza kuvusha watu kumi mpaka Congo, na mizigo yao. Waasi wakikujia na bunduki kukuomba, utawakatalia?"

Sajenti aliugonga mti wa mbele kwa kiatu.

"Mabawa muyikate sasa hivi. Mukikataa, tunachoma yote. Fundi ni nani?"

Atumani aliinua mkono. Msumeno ulikuwa kwenye kikapu cha baiskeli yake. Alimtazama Libère.

"Kata," Libère akasema. "Mtumbwi ibaki."

Alikata. Mikaratusi mikavu ni migumu, na askari walingoja mpaka mwisho. Walipoondoka, Atumani alisema atarudi siku ya Alhamisi na mawe ya kuweka ndani, kwenye sakafu ya mtumbwi, uzito uukalishe, kitu ambacho askari hawatakiona. "Ningojee," akasema. "Usiingie ziwani kabla yangu."

Jumatano kulikuwa na mapigano milimani, na barabara ya kusini, ya kutoka mjini kuja Ruziba, ikafungwa siku sita. Libère alingoja Alhamisi, akangoja Ijumaa. Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa wamelalia uji mara mbili mfululizo, aliingia ziwani. Upepo wa kusini wa kiangazi ulianza saa tatu. Mwili wake uliokotwa Jumapili karibu na Kibenga.

Atumani alifika barabara ilipofunguliwa, siku moja baada ya mazishi. Alimkuta Dévote kwenye mkeka na wanawake wa jirani. Aliomba kusema naye peke yake, wakasimama nyuma ya nyumba.

"Mama Christa, askari ndio walioamuru. Lakini hawakushika msumeno. Nilikata mi."

Dévote alitikisa kichwa. "Libère aliniambia walikata wao. Aliniambia we hata hukuwepo."

Atumani hakulijua hilo. Aliegemea ukuta.

"Ungekataa, wangechoma," Dévote akasema. "Najua. Mtumbwi ingeungua, naye angekuwa hapa anakula uji pamoja nasi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kwa nini umekuja kuniambia? Ungeniacha na ile habari ya kwake."

"Niliona ni haki yako kujua."

"Ni haki yangu. Lakini sasa kila nikikuona nitaona msumeno. Siku ya kumaliza matanga usije, Papa Soumaya. Siyo kwa ubaya. Usije tu."

Akarudi kwa wenzake. Atumani alichukua baiskeli akaikokota mpaka barabara kuu, kwa maana hakuweza kuipanda.

Siku ya kumaliza matanga ilipofika hakwenda. Alituma mchele kwa mkono wa mtu mwingine, na haukurudishwa.