Kabla ya Kung'olewa Meno

"Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

Jirani aliniuliza hivyo kwenye kamba ya kuanikia nguo, mwaka ule tuliohamia nyumba za nyuma ya kiwanda. Nikamwambia hatuna mgonjwa. Akashusha sauti, akanisogelea kama mtu anayekuja kukupa pole.

"Usinifiche, mwenzangu. Tunamsikia kila jioni anavyougua. Hata mume wangu jana kasema, hawa watu kwa nini hawampeleki hospitali?"

Nilicheka mpaka vibanio vya nguo vikanidondoka. Nikamweleza kwamba huyo si mgonjwa, ni mume wangu anapiga saksafoni. Jirani aliniangalia, akaliangalia dirisha letu, akasema, "Basi Mungu akutie nguvu," akabeba beseni lake akaenda zake.

Nilipoingia ndani sikucheka tena. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya kabati, milango yote miwili wazi, kichwa na saksafoni vimezama katikati ya magauni yangu. Alikuwa akipulizia humo ili nguo zimeze sauti isiwafikie watu. Magauni yangu ya kanisani yalinuka pumzi yake miaka mingi ya ndoa yetu. Nilimgusa bega.

"Baba watoto, jirani anadhani tunauguza mtu."

Akatoa kichwa kabatini, jasho linamtiririka. "Amesikia mpaka kule?"

"Amesikia."

"Basi angalau amesikia," akasema, akarudi kabatini.

Marehemu mume wangu hakuanza hivyo. Nilimfahamu akiwa kijana wa bendi ya tarumbeta ya kanisa, na baadaye akawa mpiga saksafoni wa bendi ya hoteli kubwa, wale wa koti jeupe na viatu vya kung'aa. Wakati huo alikuwa na sauti laini kama mafuta. Watu wazima walikuwa wakiacha vinywaji vyao mezani ili wamsikilize. Bendi ile ilirekodi nyimbo nyingi, na kila wimbo, ukifika katikati, unamsikia anaingia kidogo, anabembeleza, anatoka. Mama yangu mzazi, ambaye hakupenda niolewe na mtu wa bendi, aliusikia mmoja redioni akasema, "Haya, huyu ana adabu."

Kisha akabadilika. Watu walitafuta sababu. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema kuna mwanamke, wengine wakasema ni bangi. Mimi niliyekuwa nikimfulia mashati nasema hapakuwa na lolote. Alirudi nyumbani jioni moja, akakaa kitandani na koti lake jeupe, akaniambia, "Mama Cherehani, nyimbo zimeniisha mdomoni." Hilo ndilo jina lake la kunitania, kwa sababu nashona sare za shule. Nikamwambia alale, kesho zitarudi. Hazikurudi. Kesho yake, katikati ya wimbo wa taratibu, watu wamekumbatiana wanacheza, aliachia sauti moja ndefu kama bati linalochanwa, na hakuikata. Kiongozi wa bendi akamfuata jukwaani akamwambia mbele za watu, "Watu wamekuja kucheza, wewe unawafukuza nzi?" Huo ukawa mwisho wa koti jeupe.

Baada ya hapo akawa fundi wa cherehani mchana, na jioni anapiga muziki ule wanaouita jazi huru. Nilimuuliza, huru maana yake nini. Akasema hakuna wimbo uliotungwa tangu jana, hakuna mdundo wa kumngojea mwenzako, kila mmoja anasikiliza na kujibu pale pale, na kikishatoka hakirudi. Nikasema, "Kama ugomvi." Akasema, "Au kama sala yako, unaposali bila kitabu." Hilo lilinikera. Sala yangu haijawahi kumwamsha mtoto wa jirani.

Wenzake walikuwa wawili. Mpiga ngoma tulimwita Nyundo, mtu mfupi wa kelele, na mpiga besi tulimwita Mlingoti kwa urefu wake. Lile besi lake kubwa la kusimama lilikuwa kama mdogo wake. Walipiga kwenye kumbi ndogo, na mara nyingi watu walianza kutoka kabla hawajamaliza. Nyundo alikuwa na mzaha wake: "Leo wamebaki wengi, mlango umekwama."

Mzee mmoja wa kanisa, aliyemkumbuka tangu enzi za tarumbeta, alimwomba siku moja apige wimbo wa sifa ibadani. Alianza vizuri, waumini wakaitikia. Ubeti wa pili akaanza kupotea. Wa tatu akapanda juu kabisa, sauti ikapasuka, watoto wakaziba masikio. Nilikuwa nimekaa benchi la akina mama, nikainamisha kichwa kama ninasali, na kweli nilikuwa ninasali: Bwana, mnyamazishe. Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono mlangoni. "Mama, mumeo alianza vizuri sana," akasema. Akamsalimia aliyenifuata.

Sikumchukia kwa ajili hiyo. Alikuwa mume mwema, hanywi, hanipigi, anasaidia kuchota maji. Lakini nilibeba lile jambo kama mwiba. Nilikuwa nikijiuliza kama kitu kinachowafanya watu watoke ukumbini kinaweza kutoka kwa Mungu. Nikaendelea kushona.

Miaka ikaenda, nywele zikawa nyeupe, na ndipo meno yakaanza kumsumbua. Mpiga saksafoni huuma kile kipande cha kutia mdomoni kwa meno ya juu; hapo ndipo sauti yote inapokaa. Meno yake ya juu yakawa yanacheza. Ufizi ukavimba, akawa anaamka na damu kwenye mto. Nilimkokota mpaka kwa daktari wa meno.

Daktari alimtazama akatikisa kichwa. "Mzee, ufizi umeliwa. Haya ya mbele yote yatoke."

"Yasubiri kidogo," mume wangu akasema.

"Yasubiri nini?"

"Nina kazi ya mdomo."

"Kazi ya mdomo?" Daktari akacheka. "Wewe ni mwanasiasa?" Halafu akaacha kucheka, akanigeukia mimi. "Mama, hapa kuna usaha. Ukiingia kwenye damu hatutakuwa tunazungumzia meno tena. Wiki ijayo, bila kukosa."

Tukarudi kwa miguu. Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Na yale ya bandia hayashiki saksafoni. Nimemwona mwenzetu mmoja, sauti imekuwa ya kuazima." Tukatembea tena. "Unajua redio walipiga nini jana? Wimbo wa hoteli. Nikifa watanisikia humo tu. Watasema, alikuwa mtu mtamu."

Ni kweli. Muziki wake mwenyewe haukuwa na kanda hata moja. Hakuna aliyetaka kuurekodi. Nilimwona akipangusa macho kwa mkono wa shati, nikajifanya naangalia maduka.

Kwa bahati, au sijui niite nini, kulikuwa na mtangazaji mmoja wa redio, binti mwenye miwani, ambaye aliwahi kubaki mpaka mwisho katika ukumbi mmoja. Mume wangu alimfuata kazini kwake, akamweleza habari ya meno. Yule binti alihangaika, akapata studio ya redio alasiri moja, siku ya kuamkia kung'olewa. Alituma ujumbe: njooni wote watatu, mpige mtakavyo, kanda itakuwa yenu na nyingine itawekwa maktaba.

Nilimwona mume wangu akipiga pasi shati lake mwenyewe. Hakuwahi kushika pasi.

Studio ilikuwa ghorofani, chumba chenye zulia ukutani kama sakafuni. Upande mmoja kulikuwa na kioo kikubwa, na nyuma ya kioo alikaa fundi wa mitambo, kijana nadhifu, shati lenye vifungo vyote. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, akapanga vipaza sauti kwa mikono miangalifu. Mtangazaji alitutambulisha, akamwambia fundi, "Wakianza, rekodi. Usiwakatize." Kisha akaitwa chini kusoma habari, akatuomba radhi, akasema atarudi.

"Wimbo unaitwaje, mzee?" fundi akauliza.

"Hauna jina."

"Una beti ngapi?"

"Hata mimi sijui bado," mume wangu akasema, na wote wanne wakacheka. Fundi akaingia kwenye chumba chake akafunga mlango. Mimi nilipewa kiti pembeni, nikaambiwa nisikohoe.

Mume wangu alifumba macho. Hakuhesabu, hakutoa ishara. Hakuwahi kufanya hivyo. Alipuliza hewa tupu kwanza, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Nyundo akagusa sahani moja ya shaba ya ngoma zake, akaiacha. Mlingoti akakwaruza uzi mmoja kwa upinde, chini kabisa. Ikaja sauti kama bawaba ya mlango, kisha kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Nilifungua pochi nikatafuta Biblia yangu ndogo, maana niliona ninaanza kazi yangu ya siku zote ya kuomba yaishe.

Sikuomba. Sijui niseme vipi. Alipanda pale alipokuwa akipanda siku zote, mahali ambapo sauti hupasuka na mimi hukunja vidole vya miguu, na safari hii niliona ubavu wa shingo yake, mshipa umesimama, na damu nyembamba ikimshuka pembeni mwa mdomo hadi kwenye kola ya lile shati alilolipiga pasi. Alikuwa anauma kwa meno yaliyokwisha. Na hakukimbia maumivu, aliyatia ndani ya sauti, akayageuza, akayashusha taratibu mpaka yakawa kitu chembamba, karibu na kimya, na wenzake wakashuka naye kama watu wanaoteremsha mgonjwa ngazi. Kuna wakati katika sala maneno hukwisha na mtu hubaki anapumua tu mbele za Mungu. Nilipafahamu pale. Nimefika hapo mara chache, siku ya msiba wa baba yangu na nyingine sizisemi. Yeye kumbe alikuwa akienda huko kila jioni, kichwa kimo kabatini.

Kupitia kioo nilimwona fundi ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, naye yamemwingia.

Wakamaliza. Mlingoti alikuwa analia waziwazi, lile besi limemwegemea. Nyundo, ambaye hanyamazi hata msibani, alikuwa ameilaza fimbo yake ya ngoma mapajani. Mume wangu alifungua macho akanitafuta.

"Mama Cherehani," akasema kwa mdomo mzito. "Imetoka."

"Imetoka," nikasema. Nilinyanyuka nikampangusa kidevu kwa leso yangu.

Ndipo spika ya ukutani ikakohoa, na sauti ya fundi ikatoka, ya heshima kabisa. "Wazee, nadhani sasa mmeshapasha vya kutosha. Kuna kwaya inaingia baada yenu, muda unatubana. Tuanze wimbo?"

Hakuna aliyeelewa mara moja. Nyundo ndiye aliyeelewa kwanza. Aliitupa ile fimbo yake ikagonga kioo.

"Tuanze nini? Wewe! Tuanze nini?"

Fundi akatoka mbio, mikono mbele. "Mzee, vipi? Nimekosea nini?"

"Hukurekodi?"

"Nilikuwa nasubiri muanze." Alimtazama kila mmoja wetu. "Niliona mnajaribu vyombo, kila mtu na lake. Nikasema niwaache, nisiwakatize, kama nilivyoambiwa. Nimesubiri wimbo."

"Ulikuwa umeinamisha kichwa," nikasema.

"Nilikuwa najaza fomu za kwaya, mama."

Nyundo alimwendea, Mlingoti akamshika kwa nyuma kiunoni. "Niache! Huyu mtu kaziba masikio kwa pamba! Mtu anavuja damu mbele yake, anajaza fomu!"

"Hakuna kitu kabisa?" mume wangu akauliza. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei.

"Hakuna, mzee. Lakini nawasha mtambo sasa hivi. Rudieni ile ile. Hata mwisho wake tu, ulikuwa mzuri, ule wa pole pole."

"Kaka," Mlingoti akasema, "piga chochote. Tutakufuata. Chochote kile, kaka, kesho hakuna tena."

Mume wangu akainua saksafoni. Akaiweka mdomoni, akauma, na nikaona machozi yakimruka kwa maumivu. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka sasa. Fundi alikuwa amekimbia kuiwasha. Tukasikia hewa. Akajaribu tena. Ikatoka sauti moja laini, iliyonyooka, tamu, ya koti jeupe. Aliisikia, nasi tuliisikia. Akaikata hapo hapo, akaishusha saksafoni.

Fundi alirudi akasimama mbele yake. Hakuwa na kiburi hata chembe. "Mzee, nisamehe. Lakini niambie kweli," akasema, "ningejuaje?"

Mume wangu alimtazama. Nilidhani atamjibu. Nilitaka amjibu, maana hata mimi nilikuwa nikilingoja hilo jibu tangu siku ya kanisani. Alifungua mdomo, nikaona meno yake yamesimama kwenye damu. Kisha akaufunga. Alivua mkanda wa saksafoni shingoni, akailaza saksafoni juu ya kiti changu, akavaa kofia yake. Akausukuma ule mlango mzito kwa bega, akatoka.