Sauti ya Katikati

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine.

Jina langu Murhula, kinyozi wa Kadutu. Anayekaa kwenye kiti changu ananyolewa na kuchekwa, bei ni ileile. Dunia imenipiga vya kutosha mpaka nikajifunza kucheka kabla haijainua mkono. Nimechimba dhahabu Mwenga, nikarudi na malaria. Nimeuza viatu vya mitumba: nilikuwa natandika chini vya kulia peke yake, vya kushoto naficha ndani ya gunia, ili wezi wasipate faida. Wakaiba gunia. Wiki nzima nilikaa na viatu vya kulia mia moja arobaini, nikiwaangalia wapita njia miguuni kama mganga. Tangu hapo kitu cha nusu sikipendi. Lishikeni hilo, litarudi.

Maman Monique ni mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Anauza mchele wa Luberizi katika soko la Kadutu, meza ya tatu ukishuka ngazi. Zamani, mimi nikiwa bado natambaa, aliimba katika orchestre moja ya hapa mjini, ambayo ilikufa kama zilivyokufa nyingine: kwanza alikwenda mpiga ngoma, halafu hamu. Miaka minane iliyopita walimpasua shingo kutoa goitre, ule uvimbe wa koo. Daktari alimwonya kwamba sauti inaweza kuondoka nayo. Goitre ikatoka, sauti ikaifuata. Sasa anaongea kama mtu anayekunjua karatasi. Wateja wapya wanainama ili wamsikie, wa zamani wanaonyesha vidole tu: viwili, vitatu, vinne.

Ukimwuliza kama inamuuma, anasema hapana. Ukimwuliza kama ana huzuni, anasema hapana, anajaza kopo lingine la mchele na kulisawazisha kwa kiganja.

Jirani yake wa meza ni Maman Adélaïde, muuza samaki wa ndagala. Si mtu mbaya. Ana mdomo tu, na alifika sokoni baada ya ile operesheni. Siku moja mteja alisimama pale na simu yake inapiga wimbo wa zamani. Maman Monique akasema, bila kumwangalia mtu:

"Mi pia nilikuwa naimbaka. Mu orchestre."

"Weye?" Maman Adélaïde aligeuka, mikono imejaa ndagala. "Na hiyo sauti? Ulikuwa unaimbia samaki?"

Meza zote zikacheka. Mimi nilikuwa pale nakula, nikacheka pamoja nao. Ndiyo kazi yangu.

"Nilikuwa na sauti ingine," maman mudogo akasema.

"Ah, maman! Hata mi nilikuwa na kiuno ingine. Lete ushahidi. Bongo na uongo iko mingi hapa sokoni, hatukosi ya kununua."

"Ushahidi iko kwa Philémon."

"Basi ulete samedi. Kama tunakusikia, mi mwenyewe nitakuita Maman Chanteuse mpaka nakufa. Kama hatukusikii, hii habari unaifunga. Hauisemi tena mbele yetu."

"Samedi," Maman Monique akasema. "Kama siko ndani, naifunga."

Alisema kama mtu anayetaja Jumamosi ya kufua nguo. Usoni hapakuwa na hasira wala tumaini. Lakini mimi nilijua. Ile habari ndiyo kipande cha mwisho cha sauti yake kilichobaki duniani. Akikifunga, atakuwa amepasuliwa mara ya pili.

Nikasema niachieni mimi.

Papa Philémon alikuwa fundi wa sauti wa ile orchestre. Anakaa mtaa wa Essence, katika nyumba yenye kaseti ukutani kama matofali. Kwa miaka mingi ameziingiza zote ndani ya disque dur ya kompyuta, pamoja na CD zake na sahani za santuri: nyimbo elfu mbili mia sita, kila moja katika faili nzito ya FLAC, ile isiyopunguza kitu. Kikohozi cha mpiga besi kimo. Nzi aliyepita mbele ya mikrofoni mwaka wa themanini na saba yumo.

"Ka radio ka maman hakasome hizi nzito, papa," nikamwambia. "Nitazigeuza MP3, ndogondogo, ziingie mu carte ya radio, ya giga munane."

"Ka radio kako na spika ngapi?"

"Moja. Kama kifuniko cha kopo ya maziwa."

Hakucheka. Alibonyeza, akanisikilizisha wimbo wenyewe. Mle ndani mwimbaji anaita mahali, kama katekista anayeita majina, na wanaume wanaitika. Nyangezi! Tuko! Luvungi! Tuko! Luberizi! Tuko! Nilikuwa sijawahi kumsikia maman mudogo hivyo. Sauti ilikuwa pana, haina haraka. Na jambo la ajabu, haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma ya shingo yangu. Niligeuka kabisa kuangalia, nikaona pazia.

"Ni kosa langu," Papa Philémon akasema. "Nilikuwa na mikrofoni mbili. Fil ya moja, ile waya yake, ilikatika, nikaisouder, nikaiunga mbiombio, nikageuza nyuzi. Kwa hiyo upande huu unasukuma, ule unavuta. Ukisikiliza pande mbili mbalimbali, kila kitu kiko. Ukizichanganya pamoja, kile cha katikati kinauana, kinakwisha. Gitaa ilikuwa kuume, wanaume kushoto, hawo hawana shida. Monique alisimama katikati."

"Na maman anajua?"

"Miaka yote hii sikumuambia." Akazima. "Nyimbo za orchestre ni kumi na tisa tu. Kwa hizo, kamata upande wa kushoto peke yake. Usichanganye. Unasikia, Murhula?"

"Papa, nimupe maman yangu nusu ya wimbo?"

"Nusu yenye yeye iko ndani."

Nikamwambia nimesikia. Masikio yalisikia. Kichwa kilikuwa bado kwenye gunia la viatu.

Kazi niliifanya saluni, siku mbili, katikati ya vichwa vya watu. Kompyuta niliiweka kwenye rafu chini ya kioo, courant ikikatika inaendelea na betri, betri ikikwisha ninasimama, courant ikirudi ninaendelea. Kumi na tisa zingenichukua muda wa kunyoa mtoto mmoja. Lakini nilitaka zote elfu mbili mia sita, ziwe za maman sokoni na zangu saluni. Tamaa haina nyama, lakini inanenepesha kazi. Programu ikanionyesha hesabu: zikibaki na pande mbili, carte haitoshi. Zikiwa mono, zinaingia na nafasi inabaki.

Mono maana yake programu inachanganya pande mbili kuwa kitu kimoja. Kwangu ulikuwa ukarimu. Kulia na kushoto vyote mezani, hakuna kiatu kinachobaki ndani ya gunia. Neno la Papa Philémon lilinijia hapo hapo, kidole kikiwa juu ya kitufe. Lakini mteja wangu Bruno alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Murhula, njo umalize! Hivi niko kama shamba ya kugombania."

Nikajiambia mzee anajivuna. Mafundi wote wanapenda kuacha mwiko nyuma yao ili wakumbukwe. Nikabonyeza. Zilipokwisha, nikajaribu wimbo mmoja, sio wa orchestre, wa folda nyingine kabisa. Ulilia vizuri. Nikatoa carte, nikaibusu kama medali.

Jumatatu, mambo yakiwa yameshaharibika, nilikuja kurekebisha zile kumi na tisa kwa muda mfupi kuliko wa kunyoa ndevu. Lakini Jumatatu si Jumamosi.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ngazi zinateleza, wanawake wamevua viatu. Maman Monique alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Ka radio kekundu kalikuwa juu ya mchele, kamezama kidogo kama kuku anayelalia mayai. Nikaingiza carte mimi mwenyewe. Nikatafuta wimbo, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaita kama mtu wa mnada:

"Mamans, nyamazeni! Leo munamusikia mwenye kulisha watu mchele alikuwa analisha watu nini zamani!"

Wakaja. Wauza vitunguu, wauza majani ya sombe, hata mama mmoja aliyekuwa anapita tu na debe la mafuta alilitua chini. Maman Adélaïde alifuta mikono kwenye kikwembe, akakunja mikono kifuani.

Gitaa ikaingia, safi. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Mimi natabasamu meno yote nje. Nikajua sasa ndipo anapoita Nyangezi.

Kimya. Gitaa peke yake.

"Tuko!" wakaitika wanaume.

Nikafikiri amechelewa. Kimya tena, urefu wa jina.

"Tuko!"

Nikazungusha kitufe, kilikuwa kimefika mwisho. Nikapiga ka radio ubavuni. Kimya kingine, kizuri kabisa, kimepimwa.

"Tuko!"

Ndipo nikakumbuka pazia la Papa Philémon. Nilielewa yote kwa mara moja, na sikuhisi kitu. Kama mguu uliolala: unajua ni wako, unaugonga, hausemi. Watu walikuwa wananiangalia. Nilipaswa kusema jambo. Na mdomo wangu, ambao umezoea kufanya kazi bila mimi, ukasema:

"Labda alikuwa ameenda kukunywa maji."

Soko likapasuka. Mama wa mafuta alicheka mpaka akashika debe. Nami nilisikia kicheko changu ndani ya kile chao, kikiwa mbele ya vyote.

Maman Monique aliniangalia. Angenitukana ningepona. Aliniangalia tu, kama anavyoangalia mchele ulioingia mchanga, halafu akarudisha macho kwenye ka radio. Akaweka kiganja juu ya kopo lililojaa, akalisawazisha, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameomba mchele.

"Maman!" Adélaïde alikuwa anafuta machozi. "Minasikia gitaa. Minasikia wababa. Hawo wanasema wako. Weye ndiye hauko!"

"Ni fil!" nikasema. "Maman Adélaïde, sikia, ni fil yenye iligeuzwa. Papa Philémon alisouder vibaya, sasa mi nilichanganya pande mbili, na yeye alikuwa katikati, njo anapotea..."

Niliposikia maneno yangu yakitoka, hata mimi sikuyaamini.

"Ehe. Sasa ni kosa ya fil," Adélaïde akasema. "Goitre ilikula sauti ya leo, fil ikakula ya jana. Hii sauti iko na maadui!"

Wakacheka tena, lakini kidogo zaidi, maana wimbo ulikuwa unaendelea na ulikuwa mzuri. Nikanyoosha mkono nizime. Maman Monique akanishika kidole kimoja, akakiondoa, akakiacha hewani.

"Acha," akasema.

Tukasikiliza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, kwa hiyo niliona peke yangu: kabla ya kila kitikio kifua chake kilijaa, midomo ikafunguka, ikafunga. Kisha wanaume, wale waliokufa na wale waliohamia mbali, wakajibu. Hakukosea hata mara moja. Uso wake haukuwa na kitu. Ungesema anahesabu makopo.

Wimbo ukaisha kwa gitaa. Ka radio kakaguruma kidogo, kakaanza wimbo mwingine, wa watu wengine. Maman Monique akakazima mwenyewe.

"Bon," Adélaïde akasema, taratibu sasa, karibu kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Tulisikiliza mpaka mwisho, maman. Tulipatana. Hauko ndani. Hii habari sasa unaifunga, sivyo?"

Wote wakanyamaza wamsikie. Kwa sauti ile, lazima watu wanyamaze. Hata mama wa mafuta aliinama. Maman Monique alichukua kitambaa, akafuta punje za mchele mgongoni mwa ka radio, moja moja, akazirudisha kwenye rundo. Halafu akainua macho.

"Adélaïde, umesikia wale wababa mara ngapi wanasema 'Tuko'? Sasa uniambie: weye unaitikaka muntu mwenye hajakuita?"