Ushuhuda wa Fundi Gitaa

Siku kanisa yetu ya Nundu ilipokea gitaa yangu ya umeme, pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Mi Kwizera nilihangaika miezi saba, nikizungusha waya ya dinamo ya pikipiki kwenye sumaku ya spika mbovu mpaka nyuzi zikalia. Lakini kwetu fundi hajisifu kanisani. Nikasema, “Bandugu, si mi nilitengeneza hii gitaa. Ni Mungu.” Bamama bakapiga vigelegele.

Sasa Claver, mupiga gitaa wa kwaya, muntu asiyejua hata kushika koleo, anauza gitaa kama ile mpaka kule Kazimia, jina yake imeandikwa juu. Nikamushitaki. Leo tuliitwa ku biro ya serikali, kule muji wa Baraka. Nilisimama tangu asubuhi mpaka miguu ikawaka moto.

Claver alitoa simu tu, akamuonyesha mukubwa wa biro video. Niko pale mbele ya kanisa, mikono juu, nasema si mi.

“Papa Kwizera,” mukubwa akauliza, “ulidanganya Mungu siku ile, ao unadanganya serikali leo?”

Nikaomba kiti.