Figo Aliyoitoa Mshonaji

Mshonaji alimpa mdogo wake figo miaka miwili iliyopita, na kila walipokwenda kliniki aliingia naye mpaka chumba cha vipimo. Ukoo mzima ulimwita huyo mdogo Kitindamimba, ingawa alishakuwa na miaka thelathini na moja na ndevu zake kidevuni.

Siku moja mpimaji alimpaka Kitindamimba jeli ya baridi chini ya tumbo, upande wa kulia, akaanza kusogeza kifaa polepole. Hapakuwa na sindano wala kisu. Mashine ilifuata tu mwendo wa damu katika mishipa ya figo na kuutoa kwa sauti. Mshonaji alishaizoea: fyuu, kisha mvumo laini usiokatika, kisha fyuu tena. Leo ilikuwa fyuu, kimya. Fyuu, kimya.

"Mbona inakatika?" akauliza.

Mpimaji alirudia mara tatu kabla ya kujibu. "Mishipa imekaza, dada. Damu inapita kwa kusukumana. Mara ya mwisho ukinzani ulikuwa sifuri nukta sita. Leo ni nukta tisa."

"Kisa?"

"Hilo mashine haisemi." Akamgeukia mgonjwa. "Dawa unakunywa?"

Kitindamimba alikodolea dari macho. "Nilipumzika kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Miezi mitano. Zilinivimbisha uso, na harusi ilikuwa inakaribia. Mapicha, watu..."

Mshonaji alimtazama uso. Suti ya harusi aliishona yeye, na siku ya kuijaribu alimsifu jinsi uso ulivyonywea. "Umependeza, mdogo wangu. Figo imekukubali." Naye akaitikia, "Mungu mkubwa, dada."

"Kama huitaki," alisema sasa, "ungenirudishia."

"Dada, nisamehe."

"Jifute, uvae."

Alilazwa siku ileile, akapewa dawa kali wiki tatu, lakini figo ilishakwenda na maji. Sasa husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mkewe ni mjamzito, hivyo dada mtu ndiye humsindikiza. Njiani hawasemezani.

Juzi Kitindamimba alijikaza. "Binamu ya mke wangu anasema atanipa yake."

Mshonaji akasimama. "Umemwambia yangu uliifanya nini?"

Kitindamimba akageuza uso.

"Basi nitamwambia mimi," alisema dada yake, akatangulia mbele bila kumngoja.