Hapana ya Kwanza

Mama alitulea kwa sheria moja ya mezani, na aliifundisha kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Ukienda kwa watu ukakaribishwa chakula, unasema, "Asante, nimeshiba." Mwenyeji akikukaribisha tena, unasema, "Haya, kidogo tu." Hapo ndipo unasogea mezani. Anayekubali mara ya kwanza ana njaa, na mwenye njaa amemwaibisha mama yake. Sheria hii haikuwahi kututia hasara, kwa sababu wenyeji wetu wote walilelewa hivyohivyo. Hakuna aliyeamini hapana ya kwanza.

Dada yangu alisomea viungo bandia chuo kikuu, na Kifaransa alikijua vizuri tangu sekondari. Akapata nafasi ya kwenda kusoma kwenye nchi inayosema Kifaransa: muhula mmoja darasani, kisha mafunzo kwa vitendo kwenye karakana ya miguu bandia. Kila mwaka karakana ile ilimbakiza kazini mwanafunzi mmoja, na aliyebaki alipikwa akaiva, akapewa leseni ya kufungua karakana yake popote. Dada aliitaka leseni ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Tulilala chumba kimoja, na usingizini pia aliizungumzia. Siku ya kuondoka mama alimkumbatia, akamwambia, "Usiende kuonyesha njaa kwa watu."

Nilimsikia. Sikuona ubaya wowote.

Dada alinisimulia kila kitu kwa simu, hata leo ningeweza kuifagia karakana ile nimefumba macho. Chumba kirefu, vumbi jeupe la plasta kwenye kila rafu, miguu imening'inizwa ukutani kwa ndoano, kila mmoja na jina la mwenyewe. Mgonjwa anakuja, unakizungushia kigutu chake bendeji yenye plasta ili upate umbo lake. Umbo hilo unalijaza plasta, likikauka unalikwangua kwa tupa pale mfupa utakapogusa, kisha unalivika plastiki iliyotoka motoni kwenye tanuri. Ikipoa, umepata kikombe ambamo kigutu kitaingia. Ukikosea kidogo tu, mtu anavuja damu kila akipiga hatua. Dada hakukosea. Fundi mkuu, bwana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa akipitisha kidole gumba ndani ya vikombe vyake, anaguna, anakwenda zake. Kwa bwana yule, kuguna ndiyo sifa.

Siku ya kwanza, mchana ulipofika, watu walivua aproni wakaelekea chumba cha nyuma kwenye meza ndefu. Fundi mkuu akasimama mlangoni.

"Unakuja kula na sisi?"

"Asante, nimeshiba," dada akasema, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni.

"Sawa," akajibu fundi mkuu kwa heshima zote, akaufunga mlango.

Dada alibaki na tupa mkononi, akisubiri mlango ufunguke tena. Haukufunguka siku ile wala wiki ile. Akawa anakula mkate wake kwenye ngazi za nyuma, vicheko vyao vikimfikia kupitia dirishani.

"Hawanipendi," aliniambia.

"Umewafanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nina adabu zangu."

Mwanafunzi mwenzake, kijana mwenye hereni aliyetoka nchi nyingine, alikula kwenye meza ile tangu siku ya kwanza, na akimaliza alijiongezea bila kuambiwa. Mikono yake ilikuwa mizito. Plasta zake zilipasuka, na mara mbili dada alizirudia kimyakimya ili asiaibike. Lakini alikuwa mchangamfu, na alijua majina ya watoto wa kila mtu. Mwishowe dada akapiga moyo konde, akamuuliza kwa nini wale watu wanamtenga.

Kijana akashangaa. "Si ulisema umeshiba? Tukajua unapenda kukaa peke yako. Hatukutaka kukusumbua."

Usiku huo tulicheka kwenye simu mpaka machozi yakatutoka. Kesho yake aliingia chumba cha nyuma, akavuta kiti, akakaa. Walimsogezea mkate kana kwamba alikuwa pale miaka yote.

"Sasa umewajua," nikamwambia.

"Nimewajua."

Alijua mambo ya mkate tu. Mwisho wa mafunzo ulipokaribia, fundi mkuu alimfuata kwenye benchi lake, akifuta miwani kwa shati.

"Tunabakiza mtu mmoja," akasema. "Ningependa uwe wewe. Unataka?"

Nimeifikiria dakika ile kuliko inavyonistahili, maana haikuwa yangu. Kukubali mkate ni rahisi, mkate hauutamani kwa roho yako yote. Unapotamani kweli ndipo malezi yanapokukaba koo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na dada yangu alilelewa vizuri. Akashusha macho.

"Nashukuru sana. Lakini labda wapo wanaostahili kuliko mimi."

Fundi mkuu akamtazama. Dada anasema alifurahi, kwa sababu aliona mara ya pili inakuja, na jibu lake lilikuwa tayari ulimini.

"Nakushukuru kwa kuniambia ukweli," fundi mkuu akasema. Akamgusa bega, akaenda zake.

Mlango wa karakana ulikuwa na kioo. Dada alimwona akisimama na kijana mwenye hereni kwenye korido, na kijana akakubali kabla hajavua glavu.

Kesho yake asubuhi dada alimfuata fundi mkuu ofisini. "Nilikuwa nataka," akamwambia. "Tangu mwanzo nilikuwa nataka."

"Lakini nilikuuliza," fundi mkuu akasema, na dada anaapa kwamba uso wake ulikuwa na uchungu. "Mwenzako ameshakubali. Siwezi kumnyang'anya."

Sasa dada yuko nyumbani, anauza viatu dukani kwa shangazi. Watu wenye vigutu wanapita barabarani na magongo yao, yeye anawauzia wengine viatu vya jozi. Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, mama akamuuliza kile ambacho hakuwahi kumuuliza tangu arudi.

"Hivi wale watu hawakukuomba ubaki?"

"Waliniomba."

"Ukasemaje?"

"Nilisema kama ulivyotufundisha."

"Wakakuomba mara ngapi?"

"Mara moja."

Mama alikasirika kwelikweli. "Watu wa namna gani hao? Mtu anaulizwa mara moja tu?"

Nilitaka kusema kitu kibaya. Nilikiweka mdomoni, nikakimeza pamoja na tonge. Mama alikuwa ameshashika upawa.

"Lete sahani, mwanangu."

"Nimeshiba, mama," dada akasema.

Alikuwa anasema kweli. Tangu arudi halili, nguo zinamvuka mabegani. Mama akacheka kwa upendo, akampakulia sahani ikajaa, akamwekea mbele yake.

"Kula, acha haya zako. Hapa ni kwenu."