Bi Sikitu Katika Darasa la Mkwe Wake

Usiku wa jana Bi Sikitu aliota, na tangu asubuhi hataki mtu amtazame usoni. Ukimuuliza kulikoni, anasema ana mafua.

Kwanza mjue balaa lenyewe. Bi Sikitu ni fundi cherehani wa Muheza, mama mwenye wajukuu, na anasoma. Anasoma kwa siri, darasa la jioni la watu wazima linalofundishwa kwa video kwenye simu, ili mwaka huu afanye mtihani wa kidato cha nne alioukosa alipoolewa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwalimu wa hesabu alipohama, akaletwa mwingine. Bi Sikitu aliposikia sauti ya huyo mwingine, simu ilimponyoka mkononi. Alikuwa Kibwana, mume wa binti yake Mwajabu. Mkwe wake kabisa!

Na Bi Sikitu kwenye mambo ya ukwe hana utani. Kibwana akipiga hodi mlango wa mbele, yeye anatokea mlango wa uani. Hajawahi kula mbele yake wala kukaa naye mkeka mmoja, na salamu yake huiitikia akiwa nyuma ya pazia. Sasa afanyeje? Akabandika plasta kwenye kamera, na penye jina akaandika "Simu ya Nyumbani". Kibwana, masikini, hajui hili wala lile, akawa anamfokea kama anavyowafokea wengine: "Simu ya Nyumbani! Umelala?" Mwishowe akatangaza kwamba kipindi kijacho, asiyeonyesha uso wake jina lake haliendi kwenye mtihani.

Bi Sikitu alilala na maneno hayo kichwani, ndipo akaota.

Anabonyeza linki ya darasa. Linki inamvuta kidole, kisha mkono, kisha yeye mzima, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Anatokea kwenye chumba chenye mabenchi. Mlangoni ameketi kipaza sauti mnene mwenye mstari mwekundu kifuani.

"Hiki ni chumba cha kusubiri," anasema. "Mdomo wako tafadhali."

"Mdomo wangu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Kila anayeingia anajimyuti, anazima sauti. Ndiyo sheria."

Bi Sikitu ni mtu wa sheria. Anaubandua mdomo wake na kuukabidhi. Kipaza sauti anaukung'uta vumbi, anautia kwenye boksi pamoja na midomo ya wanafunzi wengine. Humo ndani midomo inalalamika kwamba mtandao leo haueleweki.

"Ukitaka kusema, inua mkono," anasema kipaza sauti, na papo hapo mkono wa njano unaota utosini kwa Bi Sikitu. "Na huyu mgonjwa wako je?"

Anamaanisha kamera. Imekaa begani kwa Bi Sikitu na plasta yake usoni, jasho linaitiririka.

"Mimi si mgonjwa," inasema kamera. "Nimefungwa macho. Nilizaliwa kuona, na huyu mama ananifundisha upofu."

Bi Sikitu angeijibu vizuri sana, lakini mdomo hana. Mlango unafunguka.

Nje si Muheza. Ni ukuta mrefu wa vijumba vya mraba, kimoja juu ya kingine, na ndani ya kila kimoja ameketi mtu mzima na daftari lake. Bi Sikitu anaingizwa cha kwake. Anajiangalia: amevaa shimizi. Kanga hana, kilemba hana, shimizi tu, tena lile la kulalia.

Haya, hayo yangetosha. Lakini kila anapoingia mwanafunzi mpya, vijumba vinajipanga upya. Kijumba cha Bi Sikitu kinapanda, kinakwenda kushoto, kinashuka, na kinatua juu ya kijumba cha mwalimu. Kijumba cha mwalimu hakina dari. Bi Sikitu anajikuta ameketi shingoni kwa mkwe wake, miguu yote miwili imening'inia kifuani kwake, kama mtoto aliyepelekwa kuona gwaride.

Kibwana hageuki. Anaandika ubaoni.

"Leo mtandao ni mzito," anasema.

Bi Sikitu anatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi inapasuka, inamtazama kutoka chini, inasema, "Samahani mama, nimejaa," na inajifunga. Aibu aliyonayo haina pa kwenda. Inampanda kutoka kwenye nyayo, na nyayo zenyewe ziko kwenye tai ya mkwe.

"Swali," anasema Kibwana. "Kuna namba, ukiizidisha mara tatu halafu ukajumlisha nne, unapata kumi na tisa. Namba gani hiyo?"

Ukuta mzima unapekua madaftari. Wengine wameganda midomo wazi, ingawa midomo yao imo kwenye boksi.

Bi Sikitu anajua. Hapo ndipo shida ilipo, maana mkono wa njano nao unajua, na unainuka. Anaushusha. Unainuka. Anaukalia. Unampenya na kuinuka tena.

"Simu ya Nyumbani!" anafoka Kibwana. "Umeinua mkono, sema. Au umelala tena?"

Kipaza sauti anakuja mbio na boksi, anapapasa, anaubandika mdomo mahali pake. Na mdomo, bila kumsubiri mwenyewe, unasema, "Tano."

Chaki inakatika. Kibwana anaijua sauti hiyo. Wakati huohuo plasta, kwa jasho lile, inadondoka.

"Mimi sijaigusa," inasema kamera. "Imeteleza yenyewe."

Bi Sikitu na shimizi lake wanatokea kwenye kila kijumba, wakubwa kama mlango.

"Mama?" anasema Kibwana, bila kugeuka.

"Marahaba," unasema mdomo. Hata shikamoo haijatolewa.

Mabega ya Kibwana yanaanza kutetemeka, na Bi Sikitu anatetemeka juu yake.

"Mama, nimekuwa nikikwambia umelala."

"Ndiyo, baba."

"Mbele za watu."

"Kila kipindi, baba."

"Shuka basi, mama yangu, nikuombe radhi."

"Nashukaje? Nikishuka tutaonana."

Kibwana anafikiri. Ni kweli, njia haipo. "Basi usishuke."

"Na mtihani?"

"Sheria nimeiweka mwenyewe, mama. Uso lazima uonekane."

Hapo Bi Sikitu analia. Analia kwa haya, kwa shimizi, kwa miaka yote aliyowashonea watoto wa watu sare za shule. Kisha anasema neno ambalo mama mkwe hasemi.

"Nautaka huo mtihani, Kibwana. Naona haya mpaka mifupa inauma, lakini nautaka."

Ametaja jina la mkwe wake! Ukuta mzima unaguna. Kibwana anainama taratibu, asimwangushe, anaiokota plasta chini. Anaibandika kwenye macho yake mwenyewe.

"Haya mama," anasema. "Mimi sioni. Washa."

Bi Sikitu akaamka. Jua limeshatoka, simu inaita. Alikuwa Mwajabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Ila mwenzangu kaamka shingo imemkaza, hageuki huku wala huku. Halafu ananiambia nikuombe radhi."

Bi Sikitu akakaa kitako. "Radhi ya nini?"

"Hasemi! Nikimuuliza anajifunika mto usoni. Anasema mama atajua. Na eti jioni kamera yake itakuwa imezimwa, wewe uwashe ya kwako tu. Kamera gani, mama? Nyie mnafanya nini?"

Uso ulimwaka Bi Sikitu mpaka masikioni. Alikuwa peke yake chumbani, lakini aliivuta kanga akajitanda vizuri kichwani kabla hajajibu.

"Mkande kwa maji ya moto," akasema. "Na mwambie nitawasha."