Tarumbeta la Tatu

Kwa miaka mitatu Libérate aliwaambia wateja wa saluni, huku vidole vyake vikiwasuka, kwamba mume wake hawezi kumpotea. Nileteeni matarumbeta mia, alikuwa akisema, mnifunge na macho, Zénon wangu nitamtoa humo kama ninavyotoa sufuria yangu kwenye vyombo vya jirani. Wateja waliitikia ndiyo, ndiyo, kwa kuwa mtu aliyeshikwa nywele huitikia lolote. Deborah, Mkongo mwenye saluni, alikuwa ameyasikia maneno hayo hadi angeweza kuyamalizia mwenyewe, lakini hakumcheka hata siku moja. Alijua mwenzake hana kingine cha kujivunia.

Zénon alikuwa mpiga tarumbeta wa Bujumbura. Mwaka 1996 alivuka mpaka kwenda Uvira kupiga kwenye arusi, vita vikaingia Uvira, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari yake, ya uzima wala ya kifo. Libérate alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa hatari. Akakimbilia Tanzania, akaendelea kuteremka nchi baada ya nchi, akaishia Durban, Afrika Kusini, alikopanga chumba mtaa wa Berea katika jumba lenye watu wa kila lugha. Jioni akirudi alifungua redio ya Kizulu. Haelewi kitu, ila kulikuwa na mtu anaongea ndani, na akiongea huyo, yeye aliweza kula. Siku ambazo umeme ulikatika alilala na njaa, chakula kipo mezani.

Ndipo Israël akaleta kaseti. Huyu Israël alikuwa dereva wa lori, Mkongo pia, akipakia mizigo Clairwood na kuipeleka Lusaka, na mkewe alikuwa akisukwa na Libérate. Safari iliyopita alikuwa ameingia baa moja huko Lusaka, akasikia tarumbeta, akakumbuka maneno ya saluni ambayo mkewe alimletea nyumbani bila kuombwa. Akairekodi bendi kwa redio yake ndogo iliyokaa juu ya meza, kati ya chupa.

"Iko mtu kule anapiga tarumbeta, dada," alimwambia. "Wanasema ni Murundi, alipita Uvira. Jina anajiita lingine. Ukimuuliza kwao ni wapi, anabeba chombo chake anatoka."

Sura yake hakuiona vizuri, maana bendi ilikaa pasipo na taa. Simu baa ile haikuwa nayo. Picha ya Zénon hakuna aliyekuwa nayo, zote zilibaki Bujumbura pamoja na nyumba. Ila Jumatatu Israël alikuwa anaondoka tena kwenda Lusaka, na kiti cha pembeni kwenye lori kilikuwa wazi.

Sasa hapo ndipo penye ugumu. Karatasi ya ukimbizi aliyopewa Libérate ilikuwa ya kukaa, si ya kutembelea. Ukivuka mpaka kwa hiari yako, basi, hurudi nayo. Akienda, na mtu yule akawa si Zénon, atasimama Lusaka hana kazi, hana chumba, hana karatasi, aanze upya kuwa mgeni, na ugeni ulikuwa umeshamchosha hadi kwenye mifupa. Asipokwenda, na kumbe ndiye, atakuwa amemtupa mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo alikwisha funga begi. Angepanda lori bila kufikiri mara mbili, kama si Pierre-Claver.

Pierre-Claver alikuwa Murundi mwenzake, fundi wa redio katika duka la simu mjini, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Jumapili nyumba yake ilijaa wapenzi wa jazz: Wazulu wenye kofia na viatu vya kung'aa, Mhindi mmoja mwalimu mstaafu, na yeyote aliyekuja na sahani ya santuri kwapani. Mchezo wao ulikuwa kufungana macho. Mmoja anafungwa kitambaa, mwingine anaweka santuri, na aliyefungwa anataja nani anapiga. Watu wa jazz wana mambo yao. Wengine hufungwa macho wakapelekwa pabaya. Hawa wanafungana kwa hiari, halafu wanagombana jioni nzima juu ya marehemu.

Redio ya Libérate haikuwa na mahali pa kaseti, na alipokwenda kumwomba Pierre-Claver amchezee ile ya Israël, yeye alimkatalia.

"Nikikuambia huyu ndiye wa Lusaka, moyo utajibu kabla ya sikio," alisema. "Acha niwachanganye, dada. Kama unamjua, utamjua tu."

Libérate akakubali kidevu kikiwa juu. Angekataaje? Ni yeye mwenyewe aliyeuomba mtihani huo kwa miaka mitatu mbele ya nusu ya wanawake wa Durban.

Jumapili, baada ya misa, akapanda kwa Pierre-Claver. Wenzake wa jazz walikuwa wameombwa wasije. Alikalishwa katikati ya chumba, na mwenyeji akamfunga macho kwa kitambaa cha jikoni kilichofuliwa vizuri. Vidole vya Pierre-Claver vilipogusa kisogo chake, Libérate alishtuka. Usifikirie mambo ya uchumba, hayakuwepo. Ni kwamba yeye hushika vichwa vya watu kutwa nzima, na chake hakuna aliyekishika tangu aingie nchi hii.

"Nitaweka wanne," Pierre-Claver akasema. "Usiseme kitu mpaka uwe na uhakika."

Wa kwanza alipiga haraka haraka, kama anayedaiwa. Libérate akatikisa kichwa. Huyo hata hakumpotezea muda.

Wa pili alianza kwa sauti kubwa iliyojaza chumba. Alipanda juu, akakaa hukohuko, akashuka kwa madaha na kupanda tena, na nyuma yake watu walisikika wakipiga makofi. Libérate alikunja uso chini ya kitambaa. Huyo anajisikia, akasema, anapiga kama mtu aliyevaa suti mpya na anataka kila mtu aione. Mume wangu hakuwa mtu wa kujionyesha. Toa huyo. Pierre-Claver akakohoa, akachelewa kidogo kuitoa.

Wa tatu ndiye aliyemvunja. Tarumbeta lilikuja polepole, kwa chini, limezibwa, kama linasemea chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Lilitamka maneno machache likanyamaza, likatamka mengine. Libérate alishika kiti kwa mikono miwili. Machozi yalilowesha kitambaa kabla hajajua kwamba analia. Akasema ndiye. Akasema tena ndiye, huyo ndiye, nimemwambia kila mtu. Wa nne alipowekwa hakumsikiliza hata kidogo, alikuwa na kazi ya kulia, na alipoulizwa alipunga mkono tu kwamba si yeye.

Alijifungua kitambaa mwenyewe. Tayari alikuwa ameshapanga begi lipite wapi na Deborah aagwe vipi. Lakini Pierre-Claver alikuwa ameketi ameinamisha kichwa.

"Wa tatu ni Mmarekani," akasema. "Alishakufa. Santuri ile ni ya kabla wewe hujazaliwa."

Libérate alikunja kitambaa kilicholowa akakiweka juu ya goti. Akauliza ni yupi basi wa Lusaka, akaambiwa ni wa nne. Wa kwanza alikuwa Mmarekani mwingine. Akauliza wa pili. Pierre-Claver akainuka akidai maji ya chai yanachemka, na hakukuwa na maji yoyote jikoni. Ikabidi aulizwe tena.

"Wa pili ni Zénon," alisema. "Ni kaseti yangu, niliirekodi redioni Bujumbura, hoteli ile aliyokuwa anapiga, mwaka tisini. Mwishoni mtangazaji anataja majina yao. Sikuwa nakumbuka kama ninayo, niliikuta juzi kwenye boksi chini ya kitanda nilipoanza kutafuta tarumbeta za kuchanganya. Pardon, dada. Nilidhani utamjua mara moja, na tukishajua sikio lako ni la kweli, tuliulize juu ya wa Lusaka."

Kwanza Libérate alikasirika, na alikasirika sana. Alimwambia amemweka mume wake kwenye boksi chini ya kitanda kama viatu, na siku alipomtoa amemtoa ili amtegee mtego. Pierre-Claver hakujitetea. Hasira ikaisha, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kushika, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Akaomba awekewe tena wa pili, macho wazi. Akasikiliza hadi mwisho, hadi mtangazaji akataja jina. Alisikia mwanamume hodari anayefurahi mbele za watu. Hakumjua.

Hapo ndipo alipomweleza Pierre-Claver, na alipokuwa akieleza ndipo na yeye mwenyewe alipoelewa. Hotelini hakuwahi kwenda. Aliolewa mwaka tisini na moja, alikuwa mwanakwaya, na mke wa heshima hakai baa kumtazama mumewe. Zénon alifanyia mazoezi kazini, nyumbani alikuja kulala. Kisha vikaja vita, ikaja couvre-feu, jua likizama kila mtu yuko ndani na askari wako barabarani. Hoteli ikafunga muziki. Basi Zénon alikaa pembeni ya kitanda kila jioni, akachukua kilemba cha mkewe, akakisokomeza kwenye mdomo wa tarumbeta, akapiga humo. Tarumbeta alilolijua Libérate lilikuwa hilo, la kuogopa. Jingine hakuwahi kulisikia hadi leo.

Pierre-Claver alitaka kusaidia, na alisaidia kama mafundi wanavyosaidia. Alileta taulo, akaifunika spika, akaweka tena kaseti ya hoteli. Wote wawili wakatega masikio. Ilisikika kama spika iliyofunikwa taulo. Akaiondoa.

Na wewe je, Libérate akamuuliza, sikio lako linasemaje juu ya wa Lusaka? Alijibu kwamba amewaweka wa pili na wa nne sambamba mara nyingi hata hahesabu tena. Mara anasikia mtu mmoja, mara wawili. Miaka kumi na moja imepita, na mdomo wa mtu hubadilika, na huenda hata chombo si kilekile. Asingeweza kumpandisha mtu lori kwa sikio kama hilo.

Nje vijana wa chuo walipita wakicheka, wakishuka kuelekea robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko. Libérate aliona kwamba hatakwenda Lusaka tena, na wala si kwa sababu ya karatasi. Angefika pale, mtu angepiga, na yeye angesimama hajui. Alikuwa peke yake Durban miaka hii yote, lakini alidhani ana mtu anayemkosa. Sasa hata kumkosa kwenyewe hakukuwa na uhakika nako, alikuwa akimkosa Mmarekani.

"Chombo chako hiki kinarekodi?" akauliza.

Kinarekodi, Pierre-Claver akasema.

"Basi afungwe macho yeye. Mimi nimeshindwa kumjua. Labda yeye atanijua."

Pierre-Claver akatafuta kaseti tupu, akachomeka maikrofoni, akamwelekeza akae karibu. Jina asitaje, Israël atamchezea mtu yule bila kumwambia ni nani. Aseme tu kitu ambacho mumewe hakuwa akikisikia kwa mtu mwingine. Taa nyekundu ikawaka.

Libérate alitafuta neno la mapenzi na hakulipata, hawakuwa watu wa maneno hayo. Akatafuta wimbo wa kwaya, lakini kwaya ni ya wote. Kilichomjia mdomoni kilikuwa kile alichosema kila jioni akiwa jikoni, uso ukielekea dirishani.

"Punguza," akasema. "Punguza, askari watasikia."

Akajiondoa kwenye maikrofoni. Alikuwa ameishi na Zénon miaka mitano, na hayo ndiyo maneno aliyomwambia mara nyingi kuliko yote. Pierre-Claver alinyoosha mkono azime, na Libérate akamshika mkono huo akauzuia. Akainamia maikrofoni karibu zaidi.

"Hapa hakuna askari," akasema. "Toa nguo hiyo, upige. Nilikuwa sijakusikia."